Mawe Niliyoyapanga Kwenye Ardhi ya Watu Wote

Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, nikiwa na miaka kumi, shamba letu la mikarafuu kule Pemba liliacha kuwa letu. Walikuja watu na kamba, wakapima kutoka mti hadi mti, wakapigilia vigingi. Mmoja wao, na wala hakuwa mtu mbaya, akamwambia baba kuwa kuanzia leo ardhi hii ni ya watu wote. Baba akamuuliza kama na yeye yumo katika hao watu wote. Yule bwana akajishughulisha na kamba yake. Skuli nikaacha darasa la tatu, nikawa nachuma karafuu kwa ujira kwenye miti ile ile niliyokuwa nikiikwea kwa kucheza. Dhiki yangu ilianzia hapo, na ndiyo maana mpaka leo mtu akinitajia ardhi ya umma, mkono wangu huenda mfukoni kutafuta funguo.

Njia yote ya kutoka kule mpaka London sitaisimulia, ni ndefu na haina uzuri. Nilifika mtu mzima, Kiingereza sikijui kusoma. Nikaosha masufuria jikoni hospitali, nikanunua gari kuukuu la mizigo, nikawa nawapelekea wenye maduka ya Peckham ndizi mbichi na muhogo, mpaka na mimi nikafungua langu. Nyumba nikanunua Lewisham. Siku niliyokabidhiwa nilibadilisha vitasa vyote, na uwani nikasimamisha uzio wa mbao mrefu hata jirani akaniuliza kama nafuga mbwa. Nikamwambia sifugi kitu. Hayo yote nimeyafanya kwa mikono hii, bila cheti cha mtu.

Sasa nimseme Maalim. Yeye ni mtu wa Unguja, alikuwa akisomesha huko, na hapa alikuwa akifanya kazi maktaba. Ni rafiki yangu wa miaka mingi, na nilikuwa namwonea wivu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kila aliyetujua alikuwa anajua. Maalim alikuwa hana kitu. Akikaa na mkewe fleti ya kaunsili, ya kupanga kwa serikali ya mtaa, gari hana, hata birika lake lilikuwa halina kifuniko. Lakini kila kiangazi alitia hema kwenye mkoba wa mgongoni, akapotea na mkewe siku kadhaa, halafu akaja kukaa kwenye kochi langu, akala biriani ya mke wangu, na kutueleza alikolala. Mlimani juu ya ziwa. Pembeni mwa msitu ambao kulungu walipita karibu na kichwa chake. Na kila hadithi ilimalizika kwa neno moja: bure.

"Bure bilashi," alikuwa akisema. "Yakhe, wewe unalipa nyumba hii mpaka uzeeni, mimi nina vyumba nchi nzima."

Mke wangu alikuwa akisimama mlangoni na upawa mkononi, amesahau chungu. Mimi nikisimulia bei ya muhogo hakusimama mtu.

Na Maalim hakuwa mchoyo wa siri zake, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa anaficha ningeweza kumwita mchoyo. Alikuwa anamweleza yeyote: uache barabara, upande juu mpaka usione nyumba wala mifugo, utafute pahala palipoinuka kidogo, penye majani mafupi, karibu na maji lakini si bondeni, kwa sababu baridi hushuka bondeni kama maji. Ufike jioni, uondoke asubuhi, usiache hata ganda la yai.

Kiangazi kimoja yeye na mkewe wakamchukua binti yangu. Ni mtoto wangu wa pekee, wakati huo ndiyo kwanza ameanza uuguzi, na zamu zilikuwa zinammaliza. Mimi nikimwambia kitu kwa Kiswahili alikuwa ananijibu kwa Kiingereza, tangu mdogo, kama mtu anayerudisha chenji ya nchi nyengine. Nilishazoea. Alirudi kutoka huko pua imebabuka, viatu vimejaa tope, akaingia sebuleni na kumwambia Maalim, "Maalim, chai yako ile ya moshi bado naisikia mdomoni." Kwa Kiswahili. Kilipinda pinda, lakini kilikuwa Kiswahili.

Nikamuuliza, "Mlilala wapi?"

Akanijibu kwa Kiingereza kuwa ni mbali kidogo.

Hapo ndipo nilipoamua kuwa na mimi nitatafuta pahala pangu pa kulala bure, na binti yangu nitampeleka mimi. Kumuuliza Maalim sikutaka. Mke wangu akasema, "Baba, si umuulize tu mwenzako, ulimi hautakatika." Nikamwambia kuwa mimi nyumba nimenunua bila ya kuuliza maktaba.

Nikanunua hema kubwa kuliko lake, la vyumba viwili, na ramani ya njia za miguu. Kusoma majina kulinishinda, lakini rangi naziona. Nikamuuliza muuzaji hii manjano iliyofifia ni nini, akanambia ni ardhi iliyo wazi kwa watu wote. Basi nikaona yamekwisha. Tukaenda sote watatu kwenye vilima, mwendo wa saa chache kutoka London, tukasimamisha hema katikati ya manjano, mke wangu akatoa mkate wa boflo na samaki wa kukaanga, na binti yangu akacheka kuona hema lilivyo kubwa. Nikasema moyoni, mambo si haya.

Asubuhi alikuja mlinzi wa mbuga, kijana mpole. Akatueleza taratibu kuwa kutembea hapa ni ruhusa, kulala si ruhusa, na ardhi ina mwenyewe hata kama haonekani. Binti yangu akamwomba radhi kwa niaba yangu, akaanza kung'oa vigingi vya hema kabla sijatia neno.

Maalim alipopata habari alicheka mpaka akavua miwani. "Yakhe, England hii kila kichaka kina bwana wake. Wewe uliona manjano ukadhani biriani? Kalale Uskochi, huko sheria yenyewe inakuruhusu. Ungeniuliza."

Hilo "ungeniuliza" nilikaa nalo mwaka mzima.

Kiangazi kilichofuata tukaenda Uskochi. Mke wangu alisema mgongo wake umeshatosheka na mahema, akabaki, kwa hivyo tulikuwa mimi na binti yangu. Tuliendesha gari siku nzima, tukaliacha pahala pa kuegesha, tukapanda kwa miguu. Mahema safari hii nilichukua madogo, mawili, lake na langu. Binti yangu alitaka kusimama penye ziwa la kwanza. Nikakataa, palikuwa bondeni. La pili lilikuwa na tope jeusi pembeni. Halafu nikapaona. Ziwa dogo, kando yake ardhi imeinuka kama kibaraza, majani mafupi, jabali kubwa linakinga upepo, na upande wa pili mlima umejaa maua ya rangi ya zambarau. Hapakuwa na mtu. Nikatua mkoba, nikasema, "Hapa."

Binti yangu akazunguka zunguka, akakanyaga kanyaga chini, akatikisa kichwa kukubali. Tukachemsha chai. Jioni wakaja wadudu wadogo kama vumbi, wakatuuma mpaka masikioni, na yeye akajipiga kofi la shingo, akaniuliza, "Baba, hii ndudu kwenu inaitwa nini?"

Kwa Kiswahili. Mimi, si Maalim.

"Visubi," nikamwambia.

"Visubi," akasema. "Visubi wamenimaliza, baba."

Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho na sijui kukieleza vizuri. Asubuhi niliamka kabla yake. Nikaangalia kile kibaraza, nikaona jinsi mtu mwengine atakavyokuja kesho akalala hapo, mtu asiyejua chochote. Kando ya ziwa palijaa mawe. Kwetu kiwanja hakianzi kwa karatasi, kinaanzia mawe: unapanga safu moja kuzunguka, anayepita anajua pana mtu. Nikaanza kuyabeba. Binti yangu alipotoka kwenye hema, pande tatu zilikuwa zimekwisha na pembe zake zimenyooka.

Akauliza kwa Kiingereza kama najenga.

"Naweka alama."

"Ya nini?"

"Kuwa nimepaona mimi."

Akanieleza, na sauti yake ilikuwa ile ya kuzungumza na mgonjwa, kuwa watu wa huku wanaturuhusu kulala kwa sababu tunapaacha kama tulivyopakuta. Nikamwambia kuwa mawe ni ya hapa hapa, sikuyaleta kutoka Lewisham. Nikamalizia upande wa nne. Alifunga mkoba wake akanitangulia kushuka, na njia yote ya kurudi, siku nzima ya gari, kilikuwa Kiingereza, tena kidogo.

Nikajipa moyo kuwa angalau pale pahala tunapajua sisi wawili tu.

Mwaka uliofuata, mwisho wa kiangazi, Maalim akaja na mkewe kula. Alikuwa mwekundu wa jua. Akanyoosha miguu, akasema, "Yakhe, pahala pako pazuri. Nimelala ndani ya msingi wako kama sultani. Chumba cha kulala kiko wapi, na choo umekiweka upande gani?"

Mkewe akamgusa goti. Yeye akaendelea. "Nyie Wapemba mtu akiwapeni pepo, kwanza mtauliza kitasa kiko wapi."

Nikamuuliza: "Nani amekupeleka?"

"Mimi," akasema binti yangu. Alikuwa amesimama na sahani za kuondoa. Akaziweka chini, akaendelea kwa Kiswahili, polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe. "Mimi nimempeleka, baba. Na asubuhi yake mawe nimeyatoa. Moja moja. Nimerudisha kwenye maji."

Sikupiga kelele. Nilimwambia hivi: "Shamba la babu yako walilichukua hivi hivi. Walikuja watu, wakasema hapa ni pa wote. Mwenyewe akabaki anaangalia."

"Shamba gani?"

Nikatambua kuwa sijawahi kumwambia. Nilimlea kwenye nyumba yenye vitasa vitatu mlangoni na sijawahi kumwambia kwa nini. Mke wangu alikuwa anajua, na alikuwa anaangalia mikono yake. Basi nikasema pale pale mezani: kamba, vigingi, swali la baba, mikarafuu. Binti yangu alikaa kitako sakafuni karibu na kiti changu, kama alivyokuwa mdogo, akiuliza neno asilolijua, nami namfahamisha. Hakusema Kiingereza hata kidogo.

Nilipomaliza, Maalim alikuwa ameacha kucheka. Akafuta miwani yake kwa kanzu.

"Sisi tulipewa," akasema. "Eka tatu, kutoka mashamba kama hayo. Babu yangu alikufa hana hata pa kuzikwa pake mwenyewe, na baba yangu alipewa eka tatu. Mama alilia siku ile kwa furaha."

Labda alitaka nimsamehe, labda alitaka mimi nimwombe yeye msamaha, sijui. Kilichonijia moyoni kilikuwa ni wivu tena, kuwa hata siku hizo kuna mama aliyelia kwa furaha na hakuwa wangu. Nikamwambia, "Mwongeze chai Maalim," na mke wangu akamwongeza.

Kiangazi kilichofuata binti yangu akaja dukani, akasema atanichukua tena Uskochi, kwa sharti moja. Nikamwambia sharti nalijua. Akasema, "Liseme." Nikasema, "Hakuna mawe."

Tulipanda njia ile ile. Magoti yangu yalikuwa yameanza kunisumbua, na yeye alichukua mahema yote mawili. Tulipoufikia mgongo wa kilima nikaona, pale kwenye kibaraza changu, chini ya jabali langu, hema la kijani. Kijana na msichana, Waingereza au Waskochi, wanachemsha maji. Wakatupungia mkono.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno tayari: nani aliona jabali lile mwanzo, nani alikataa maziwa mawili kabla ya kufika hapa. Binti yangu hakunivuta. Aliweka mikoba chini, akasimama pembeni yangu, akawa ananiangalia mimi, si wao. Nikajua anangojea nini. Nikajua pia kuwa nikishuka kule na kufungua mdomo, hatanichukua tena, na Kiswahili chake kitarudi kwa Maalim.

Nikainua mkono nikawapungia. Kisha nikamwambia, "Twende juu zaidi."

Tulipata pahala pabaya. Pana mteremko, pana unyevu, visubi tele, na ziwa halionekani. Binti yangu alilala vizuri sana. Mimi sikulala, nilikuwa nawafikiria wale wawili kwenye kibaraza changu, na nilikuwa nawaonea wivu mpaka kulipokucha. Asubuhi akaniletea chai ya moshi hemani, akaniuliza baba yangu alikuwa akinywa chai gani. Nikamwambia. Tulipokuwa tunashuka, wale vijana walikuwa wameshaondoka na pahala palikuwa patupu, majani yamelala kidogo tu. Binti yangu alikwenda kuchota maji. Mimi niliinama mara moja.

Leo nina hivi: nyumba ya Lewisham, imekwisha kulipwa. Duka Peckham, mlango mmoja. Gari la mizigo, la nne tangu lile la kwanza. Kiwanja Pemba, si pale pa baba, pahala pengine, kimezungushiwa ukuta. Hema kubwa la vyumba viwili, limetumika mara moja. Hema dogo, limechakaa. Magoti mabovu mawili. Na jiwe moja la kijivu, la kule ziwani, ninalolizuilia mlango wa duka upepo usiufunge. Binti yangu huliruka kila akiingia. Analijua limetoka wapi, na hajanambia nilirudishe.