Jirani Aliyelea Paka Wetu

Jana jirani yangu hapa Kakiika alinigongea mlango, beseni kiunoni. "Nyabo, hii paka nitapeleka wapi? Mama yao amepotea." Watoto watatu, macho ndiyo kwanza yamefunguka. Niliwapokea, lakini roho ilikuwa imekwisha kurudi Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nilipokuwa na miaka tisa.

Enzi zile, rafiki yangu, panya wa Rubondo hawakuwa na haya. Mahindi ya mgao waliyaonja kabla yetu. Watu wakatega sumu. Paka wetu akala panya aliyekula sumu, akafa, akatuachia watoto wanne nyuma ya magunia.

Mimi nikajifanya daktari. Maziwa ya ng'ombe yalikuja kila siku kwa baiskeli kutoka Rugaaga, na sisi tuliamini hakuna kiumbe ambaye maziwa hayamfai. Nikawanywesha kwa kijiko bila kipimo. Wakaanza kuhara, na siku ya pili mmoja akafa. Nililia hadi bibi yangu akaacha kuchambua maharage.

"Ni maziwa yako inabaua," alisema. "Twende kwa ule mama Murundi. Paka yake iko inanyonyesha."

Mama huyo, jirani yetu, mjane aliyeishi peke yake, alikuwa mkali, nami nilimwogopa. Aliwasugua wale watatu kwa kitambaa walicholalia watoto wa paka wake, ili paka huyo awanuse asiwakatae. Kisha akanigeukia. "Nitabalea. Lakini wewe kila asubuhi ulete ndagala ya mama yao. Mulezi naye anakula."

Basi kila asubuhi nilipeleka visamaki vile vikavu kwenye jani la mgomba, na harufu ikanifuata hadi darasani, mwalimu akanihamishia dirishani. Mmoja wa wale paka watatu, mdogo kuliko wote, alikuwa dhaifu mno. Kila nilipofika niliogopa kuchungulia. Siku moja nikamkuta amemkanyaga mwenzake usoni akigombea titi. Nilifurahi kuliko siku ya mgao.

Walipoacha kunyonya, watu wakaja kuwaomba. Jirani yule Murundi hakumpa mtu paka kabla ya kuingia jikoni kwa mwombaji, kuchungulia nyuma ya mafiga na kuuliza, "Sumu ya panya munatia fasi gani?" Wengine walinuna. Aliyenuna hakupewa.

Miaka michache baadaye aliamua kurudi Burundi, ingawa nyumba yake huko ilikuwa imechomwa zamani. Wiki ya mwisho hakufunga mzigo. Alizunguka jiko kwa jiko akiwatafutia paka wake makao, mpaka wa mwisho. Ndipo akapanda lori na mfuko mmoja.

Kibanda chake kilianguka, pakalimwa maharage. Habari zake hatukuzipata tena. Na hili ndilo linaloniuma hadi leo: huko alikokwenda, nani alitangulia kuingia jikoni kuona kama patamfaa yeye?