Hodi ya Cadiz

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, mama aliniuliza: "Mwanangu, lini utanirejesha kwetu?"

Kwetu ni Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ya ghorofa moja yenye roshani ya mbao. Baba alipokufa iliuzwa ikavunjwa, kwa idhini ya mama mwenyewe, naye akaja kuishi nasi ughaibuni, Woodbury, karibu na Minneapolis. Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia. Ulimfutia kuuzwa kwa nyumba, ukamwachia nyumba. Mwanzoni nilimwambia ukweli, na kila nilipomwambia alilia upya, kwa kuwa kwake ndiyo kwanza anasikia. Nikaacha. Mimi ni nesi na wagonjwa wa namna hiyo nawahudumia kila siku, lakini wa kazini hawaniiti mwanangu.

Mume wangu alikuwa amejifunza kuendesha mashua ya tanga kwenye maziwa ya Minneapolis, tangu hapo akajiona nahodha. Ndoto yake ilikuwa pwani ya Uhispania. Alipokodi mashua huko, na nahodha wake, nilimwambia kuwa mama haachiki peke yake.

"Tutaenda naye," akasema. "Nisha-book. Kwani bahari itamfanya nini mtu wa Mombasa?"

Nilimkasirikia, kisha nikafunga mizigo ya watu watatu.

Tulianzia Malaga tukaifuata pwani kuelekea magharibi, tukilala bandari hii na ile. Mama alikaa nyuma, kajitanda leso. Mume wangu hakutulia. Mara mbele, mara nyuma, akivuta kamba ambazo nahodha alishazifunga. Mama akamtazama weee, kisha akasema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Tulicheka sote, hata nahodha ambaye hakuelewa kitu. Mimi niliacha kucheka mapema, maana nilijua marejeo anayoyasema ni ya kwao, Mji wa Kale.

Cadiz ni mji mkongwe uliozungukwa na maji. Tulipoingia mitaani mama alianza kutembea haraka, mbele yangu, bila kunishika mkono. Vichochoro vyembamba, roshani juu, milango mizito ya mbao yenye vishikizo vya shaba. Mume wangu alibaki nyuma akipiga picha. Mama alikata kona moja, akakata nyingine, akasimama mbele ya mlango wa kijani.

"Hodi!" akaita. "Hodi wenyewe!"

Niliona aibu. "Mama, twende, hapa si..."

"Hodi!"

Mlango ukafunguka. Bibi mmoja wa makamo ya mama, mwenye aproni, akatutazama, akasema maneno mengi. Mimi niliambulia moja tu, mesa, huku akionyesha ndani. Mama naye alilisikia.

"Watukaribisha mezani," akaniambia, kama anayemkumbusha mtoto adabu. Akavua viatu mlangoni akaingia. Yule bibi akaitazama miguu ya mama, akanitazama mimi. Nami nikavua.

Alitupa mkate na samaki wa kukaanga. Mama alikula kwa mkono, taratibu, akizikagua kuta.

"Wamepaka rangi," akasema. Kisha, "Babako keshatoka?"

Ilinibidi nichague hapo hapo, na samaki mdomoni.

"Keshatoka, mama."

"Haya." Akanawa, akamshika mikono yule bibi kwa muda mrefu. Nje akaniambia, "Nishapaona. Twende zetu."

Tulirudi Woodbury. Asubuhi ya kwanza niliweka chai nikasubiri lile swali. Halikuja, wala halikuja tena. Alikufa majira ya baridi, usingizini, akazikwa kwenye ardhi iliyoganda nje ya Minneapolis. Ndugu yangu alinipigia simu kutoka Mombasa akilia, "Mama kafa hajarudi kwao."

"Alirudi," nikamwambia. Alidhani huzuni imenichanganya, nami sikumweleza.

Sijutii uongo ule wa mezani. Lakini kabla ya Cadiz mama alikuwa akiitaja ile nyumba kila siku, na kwa kuitaja kwake ilikuwa bado imesimama. Sasa hakuna wa kuitaja ila mimi. Asubuhi nikiweka chai huwa swali la mama limenifika mdomoni, na mimi ndiye ninayejua kwamba mlango wa kwetu haupo tena.