Wasichana wa Mtoni Nyuma ya Kitambaa

Picha ile niliinunua Embu mjini kwa muuza mitumba: wasichana wa Kizungu wanaoga mtoni, uchi, chini ya miti. Nakala tu ya mchoro wa zamani. Mchoraji alipaka rangi madoa madoa, ukikaribia huoni mtu. Ukirudi nyuma hatua nne, maji yanaanza kwenda na jua linawaangukia mabegani. Niliitundika sebuleni kwetu Kibugu, mkabala na kiti cha mama.

Mama alikuwa amenisahau mimi binti yake. Aliniita daktari kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpa dawa. Lakini wale wasichana aliwajua wote. "Huyu ni dada yangu. Huyu ndio mimi, nimetoka kuchuma chai." Kila jioni nilimsikiliza kwa tamaa, nikingoja siku atakayofika kwangu.

Kisha akina mama wa kanisa wakatuma habari kwamba wanakuja kumwombea. Nikaingiwa na haya. Wanywe chai chini ya makalio ya Kizungu? Nikachukua kitambaa cheupe cha kufuma, kama vile tunavyofunikia kila kitu huku, kuanzia redio hadi migongo ya viti, nikaifunika picha. Hata nilijipongeza. Mjinga mkubwa mimi.

Katikati ya maombi mama akasimama. "Wasichana wameenda wapi? Maji imewabeba!" Akapiga mayowe, na wageni wakazidisha sauti wakidhani ni pepo. Walipoondoka nikang'oa kitambaa. Mama akatazama, akatazama. Hakumjua hata mmoja.

Nilichanganyikiwa. Nikaishusha picha, nikamwekea mapajani. "Mama, angalia, dada yako ndio huyu! Na mimi je? Mimi niko wapi?" Kwa ukaribu ule palikuwa na rangi tu, nami nilijua, lakini sikuweza kuacha kuuliza. Nilimshika mikono kwa nguvu kuliko ilivyofaa.

Akanirudishia picha kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti.

"Daktari, wacha niende nyumbani. Nimeacha msichana wangu pekee yake, na ako na uoga sana. Saa hii analia."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, nikimvalisha viatu, na kweli nilikuwa nalia.