Punje Nyeusi za Dokta

Mama mkwe wangu kule Masasi alikuwaga anachuja chumvi ya udongo, anaichemsha kutwa. Siku moja mie, mkwe mpya najipendekeza, nikafunua chungu nikakoroga. Punje kubwa alizozingoja zikatoka ungaunga. Hakunigombeza. Alinawa mikono, akaingia ndani.

Marehemu yule. Sijui kwa nini humkumbuka kila nikitaka kueleza safari yangu ya kupeleka mzigo kutoka Temeke hadi chuo kikuu. Labda ni zile punje.

Miaka hiyo ya Ujamaa nilikuwa mlinda tanuri wa karakana moja Temeke. Tanuri la chuoni lilikuwa limeungua, vipuri hakuna, basi Dokta, Mhaya mpole aliyefundisha kemia huko, akaja kuomba letu. Alipima shaba, salfa, na madini adimu yaitwayo lanthani, aliyorudi nayo kutoka masomoni Ulaya. Akatia vyote katika bomba la kioo kigumu, akanyonya hewa yote kwa pampu, akaliziba kwa moto. Tulilipika wiki mbili, tukalipoza taratibu. Ndani zikaota punje nyeusi, zinameremeta kama macho ya panya.

"Lanthani imekwisha, kaka," aliniambia. "Hizi zikiharibika na mimi nimekwisha. Hewa yenye unyevu huzisaga unga; zisiionje mpaka nizipige eksirei, nione chembe zake zimejipangaje. Halafu nizipitishe umeme."

"Umeme upite kwenye jiwe?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Miaka sita sasa."

Mashine ya eksirei aliazimwa kwa siku moja tu, akatangulia chuoni kuiandaa. Bomba nikaachiwa mie.

Asubuhi, Temeke. Nililifunga kwa kanga ya mke wangu, nikashika njia kwa miguu; mafuta ya magari yalikuwa shida.

Saa nne, Buguruni. Mgambo akanisimamisha.

"Ndugu, umebeba nini kama kichanga?"

"Mawe ya chuoni."

"Mawe yanavishwa kanga? Hayo magendo. Fungua, au twende kituoni."

Kituoni ningeshinda mpaka jioni, na mashine ni ya siku moja. Nikajiambia, hewa kidogo tu itafanya nini. Nikavunja ncha ya bomba mwenyewe.

Mgambo alichungulia, akacheka. "Kumbe masizi. Haya nenda, fundi masizi."

Niliziba kwa nta ya mshumaa niliyoipata sokoni.

Adhuhuri, Ubungo. Jua kali, halafu mvua. Nta ililainika ikadondoka, nami sikujua mpaka nilipopata harufu ya yai viza, ile ya salfa iliyolowa, kifuani mwangu.

Alasiri, chuoni. Dokta alizimimina punje juu ya karatasi nyeupe. Ungaunga wa kijivu. Akaupiga picha hivyohivyo. Filamu ikatoka ukungu mtupu.

"Ulifungua?"

"Nilifungua, Dokta. Walitaka kunipeleka kituoni."

"Ungekwenda," alisema, taratibu, bila hasira.

Wasafiri hurudi na mafunzo. Mie nilijifunza kuiogopa hewa ya Dar, hii tunayoivuta sote.

Dokta alizima mashine, akaikunja kanga ya mke wangu vizuri, akanipa. Akanawa mikono. Nilimwona akishuka ngazi, koti kaliacha kitini. Nikakaa kumngoja mpaka mlinzi alipokuja kufunga mlango. Hakurudi siku ile, wala nyingine.