Ratiba ya Kinu cha Upepo cha Kizimkazi

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikakuta mlango umefungwa, nikavizunguka vichochoro vya Mji Mkongwe mara tatu mpaka ukafunguliwa. Ndivyo nilivyo, sikai. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, nami nimeajiriwa karani wa hesabu katika ofisi ya umeme. Mhandisi Mkuu, mtu asiyependa salamu ndefu, alinionyesha picha ya kinu cha upepo kilichosimamishwa Kizimkazi kwa majaribio.

"Dizeli ukiitaka unaiwasha," aliniambia. "Upepo hauamrishwi. Kazi yako wewe ni kujua leo nani apate na nani asubiri."

Kinu kilijaza betri, na betri zililisha friji ya chanjo ya zahanati, pampu ya maji, na taa za msikiti pamoja na kipaza sauti chake. Friji haikuweza kusubiri. Vingine vilihitaji ratiba.

Nikapelekwa Bara kujifunza mashine ya hesabu, ambayo leo nyinyi vijana mnaiita kompyuta. Ile ilijaa chumba kizima. Haikusoma mwandiko wa mtu. Ilisoma kadi ngumu zilizotobolewa, kila tundu na maana yake: hili siku, hili nguvu ya upepo, hili umeme uliotumika. Unaipa kadi za miezi sita, inakupa ratiba. Nikarudi Unguja kichwa kimenivimba.

Daftari la kinu liliandikwa na mlinzi wake, Mzee Haji. Alisoma mita asubuhi, alasiri na baada ya isha, akaandika siku na tarakimu bila ya kuruka. Nikazitoboa zote, nikazipeleka Bara, ratiba ikarudi: Alhamisi pampu ruhusa kutwa nzima, Ijumaa isiguswe, maana usiku wake taa huwaka sana.

"Umeihakiki?" akauliza Mhandisi Mkuu.

"Mashine haikosei, bwana."

Jibu hilo linaniwasha mpaka leo.

Juma la pili upepo ulilegea. Ijumaa asubuhi nikaenda Kizimkazi kujionea sifa zangu. Barazani mwa zahanati walikaa kina mama na watoto wao mapajani. Bi Pili, mkunga, alikuwa akiwarudisha makwao.

"Shikamoo, Bi Pili."

"Marahaba. Njoo ushike." Akanitia kichupa cha chanjo mkononi. Kilikuwa vuguvugu. "Yote ya kumwaga hii. Nyingine haiji ila mwezi ujao. Hawa nnawaambia nini?"

Akanieleza kuwa taa za msikiti ndizo zilizomaliza betri, nikamwendea Mzee Haji kwa ukali. "Jana usiku mmewasha taa zote na kipaza sauti. Mbona daftari lako linaonyesha Alhamisi usiku hakuna kitu?"

Alilifungua daftari taratibu. "Mwanangu, kwenu wapi?"

"Malindi, hapo mjini."

"Na huko Malindi siku mpya inaingia lini?"

"Ikiingia magharibi," nikasema, nikalivuta daftari kwangu.

Jana magharibi Ijumaa ilikuwa ishaingia. Watu wakasoma msikitini uradi wao wa usiku wa Ijumaa, na mzee kila juma akauandika umeme huo chini ya Ijumaa, kama ambavyo ningeandika mimi nyumbani kwa mama yangu. Ofisini nilianza siku saa sita ya usiku, nikauhesabu umeme huo kuwa wa kesho yake usiku, wala sikuwaza. Basi Alhamisi mchana pampu ikazinyonya betri, na jioni taa zikamaliza kilichobaki.

Mhandisi Mkuu hakunifukuza. Alinihamishia Kizimkazi. "Kaa huko," alisema, "mpaka utoe kadi zinazofanana na watu." Nilizitoboa upya, na friji haikuzima tena. Mwezi uliofuata chanjo ilikuja, na kina mama wakarudi. Mmoja wao alikuja mikono mitupu, bila mtoto, akakaa na wenzake kidogo, akaondoka.

Nshastaafu zamani, nakaa Kiembe Samaki. Upepo ukitikisa bati nainuka, natoka uani, narudi, nainuka tena. Mjukuu wangu Salma amesomea kompyuta, na juzi alinionyesha programu aliyoitengeneza kugawa umeme wa jua katika vijiji vya kusini.

"Hii haikosei, babu."

"Siku yao inaanza lini, watu wako hao?"

Akacheka. "Saa sita ya usiku, babu. Si kote?"

Nikamwambia avae viatu, twende Kizimkazi sasa hivi.