Salamu Niliyoshindwa Kuitikia

Nakumbuka Jumamosi moja kule Ijumbi, Muleba, umande ukiwa bado haujakauka, nilipomgeuzia mgongo mzee aliyenisalimia mara mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sikujua kwamba nimefanya hivyo, na hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kukueleza.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa mimi mwenyewe sijaota mvi. Huu ni mwezi wa tatu nakufundisha gofu hapa Bukoba, kwenye nyasi za karibu na ziwa, na jana nilikuona ukikosea pigo moja kisha ukajipiga kofi la paja. Kofi hilo nalijua. Nimejipiga mengi.

Mimi sikufundishwa na mtu. Fimbo zangu tatu nilizipata Rwamishenye, kwenye duka la vitu vilivyotumika. Muuzaji alidhani ni za kuulia nyoka. Mengine yote nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za wachezaji na kuiga. Kiwanja changu kilikuwa rweya, lile eneo la nyasi nje ya vibanja, yaani mashamba yetu ya migomba, ambako watu huchunga ng'ombe na kukata nyasi za kutandika nyumbani. Rweya ile ilikuwa ya ukoo wa Ta Yeremia, yaani Baba Yeremia, mzee wa kanisa letu la Kilutheri, naye aliniruhusu nifukie makopo matatu yawe mashimo. Sikuwa na mahali pengine. Kwetu ukitoka rweya unaingia kwenye migomba na kahawa ya watu.

Sasa niungame. Nilikuwa na daftari nililoandika mambo ya kukumbuka kabla ya kupiga mpira: kiwiko, goti, kidole gumba, kidevu, uzito wa mwili uwe mguu gani. Yalifika kumi na saba. Mpira wangu ulikuwa na tabia ya kupinda kulia, kuelekea kibanja cha Ta Yeremia, na kila ulipopinda nilirudi kwenye daftari kuongeza jambo. Niliamini kwamba nikiyakamilisha yote, sitakosea tena maishani. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi, na akiyanywa humpalia. Mimi nilikuwa nimepaliwa kitambo, ila sikuhisi.

Asubuhi hiyo niliegemeza simu kwenye kichuguu ili ijirekodi, nikasimama juu ya mpira nikihesabu mambo yangu. Nikapiga. Mpira ukapinda kulia, ukavuka migomba, nikasikia bati la jiko likilia.

"Nani anatupa mawe?" Ilikuwa sauti ya Ma Justa, mke wa Ta Yeremia.

Nilikimbia. Ndiyo, mwanangu, mwalimu wako alikwapua simu na fimbo akakimbia.

Mchana mama yangu alirudi kutoka kuteka maji, amekunja uso. "Ta Yeremia amesema kesho baada ya ibada ufukue makopo yako. Hutakanyaga tena rweya yake."

"Kwa sababu ya bati, mama? Halikutoboka!"

"Bati, bati! Bati hata parachichi hulidondokea. Mzee amepita pale, akasubiri umsalimie. Kimya. Akakusalimia yeye, mara mbili, Koku! Wewe umegeuza mgongo kama hujalelewa."

"Hakunisalimia. Naapa hakupita mtu."

Kaka yangu Nestori, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, hakukosa la kusema. "Mwache, mama. Yeye sasa anaitika salamu za mipira tu."

Nilishika simu kwa hasira, nipate ushahidi wa kuwaonyesha. Nikaifungua ile video. Kwa miezi mingi nilikuwa nikijitazama hivyo, lakini macho yangu yalikwenda kwenye kiwiko tu. Safari hii nilimtafuta mzee. Akatokea nyuma yangu, taratibu, na mkongojo wake. Akasimama. Akakohoa. "Mwana wangu, umeamkaje?" Kimya. "Koku, hujambo?" Kimya. Akatikisa kichwa, akaondoka. Mbele yake nilikuwa mimi, mashavu yamejaa, meno yamebana, mishipa ya shingo imesimama, kama mtu aliyezamishwa majini. Nilikuwa nimeziba pumzi tangu niliposhika fimbo mpaka mpira ulipogonga bati. Nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nimelirekodi mwenyewe.

Nikaenda kwao jioni ile ile. Nilimkuta Ta Yeremia barazani, nikapiga magoti. "Kasinge waitu," nikasema, kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu.

Akaegemeza mkongojo wake ukutani. "Kumbe mdomo unafunguka."

"Nisamehe, Ta. Sikusikia."

"Hukusikia, au hukuwa na pumzi ya kuitikia? Nilikutazama. Nikadhani umekabwa na mfupa, nikataka kukupiga mgongoni." Hakucheka, nami sikuthubutu kucheka. "Sema tena kasinge waitu, lakini uzibe pumzi."

Nilijaribu. Haikutoka.

"Unaona? Anayesalimia anapumua. Wewe unaingia kwenye rweya ya watu kama unaingia vitani, huoni mtu, husikii mtu, hata mwili wako huusikii. Kesho baada ya ibada utapiga mpira mmoja mbele yangu. Mpira ukiingia kibanjani kwangu, unafukua makopo."

Jioni hiyo nilishika ufagio uani badala ya fimbo, na kwa mara ya kwanza sikulifungua daftari. Kasinge, ufagio ukapanda. Waitu, ukashuka. Neno la kwanza ni refu kidogo, la pili ni fupi. Ukiyatamka kwa adabu huwezi kukurupuka.

Jumapili watu walitoka kanisani na nguo zao nzuri, wakasimama pembeni ya rweya. Nestori alipaza sauti: "Ma Justa, vaa sufuria kichwani!" Watu wakacheka. Nilipousogelea mpira, yale mambo kumi na saba yalinirudia yote kwa pamoja, na upande wa kulia niliiona migomba ya Ta Yeremia imekaribia kuliko siku zote. Nikahisi pumzi inaanza kujifunga. Nililihisi jambo hilo, mwanangu! Mwaka mzima lilikuwa likitokea, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulikamata.

Nikaachia hewa. "Kasinge," nikasema, fimbo ikapanda. "Waitu."

"Eee, kasinge," akaitika Ta Yeremia kwa mazoea, mpira ukiwa bado hewani.

Haukuwa mpira mzuri. Ulikwenda chinichini, ukadunda, ukafia kwenye nyasi hatua nyingi kabla ya kopo la kwanza. Lakini ulikwenda moja kwa moja, na hakuna jani la mgomba lililotikisika. Baadaye nilitazama video: kiwiko kilikuwa vibaya vilevile. Ta Yeremia aliuokota mpira kwa tabu, akanipa mkononi. "Makopo yabaki," akasema. "Ila kila asubuhi upite nyumbani kwanza."

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Sikukatazi kurekebisha kiwiko. Tutakirekebisha wiki ijayo. Nakukataza kuanza na kiwiko. Kabla ya kupiga, uliza mwili wako uko wapi: meno yamebana? mabega yamepanda? vidole vinaikaba fimbo? Jitazame kwenye picha kama unavyomtazama jirani, usijitazame kama hakimu, kwa maana hakimu huona kosa alilolifuata tu. Rekebisha jambo moja, mengine yasubiri zamu. Na ukiona huwezi kumwitikia anayepita, weka fimbo chini, kwa sababu pigo hilo limeshaharibika. Mimi bado napaliwa. Juzi tu nimeziba pumzi nikikata kitunguu.

Mungu akupe mikono milegevu na macho yasiyojionea huruma wala chuki. Mipira yako ikipotea, ipotee mahali penye mtu wa kukusamehe. Na kesho asubuhi, ukinikuta nimesimama juu ya mpira, mashavu yamejaa, usingoje nimalize. Niamkie. Nikichelewa kuitika, niamkie tena.