Nani Avuke Konani

Mume wangu ni mpeleka barua, na watu wa njia yake yote wanamwita Honi, kwa sababu hupiga honi kila anapotia kitu kwenye sanduku la mtu. Ana kichwa kigumu, miguu isiyotulia, na usingizi mzito kama wa mtoto mchanga. Usingizi wa nyumba hii aliuchukua wote yeye, mimi akaniachia wasiwasi.

Njia yake ina kona moja mbaya, pale barabara kuu inaposhuka mlima. Malori huteremka yakinuka breki, na masanduku ya barua yalikuwa pande zote mbili. Basi Honi huvuka, hurudi, huvuka tena, kama kuku aliyepotelewa na kifaranga. Mwaka jana kioo cha lori kilimpiga begani kikamtupa mtaroni, mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, ukavunjika. Nilipofika hospitali aliniambia, "Ajali haina kinga, mama watoto." Nilitamani kumvunja na ule mwingine. Ajali hiyo ilikuwa na kinga, tena nyepesi: asivuke.

Nikaenda mwenyewe kwa mkuu wa posta. Nilimwambia masanduku yote ya konani yahamie upande mmoja, ule anaopitia na pikipiki. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea.

"Kwa kweli, mama, hata hiyo njia yenyewe sijui kama itadumu," alisema. "Barua zimekufa, watu wanaandikiana kwenye simu. Wakubwa wanataka kuweka kabati la vifurushi pale kituo cha mafuta. Kila mtu atatumiwa namba, atakwenda kufungua mwenyewe."

Nilitoka pale na furaha niliyoona haya kuionyesha. Nilipomweleza mume wangu habari za kabati, alisema tu, "Kabati halipigi honi," akaendelea kufunga kamba za viatu.

Masanduku yakahamishwa, na mimi nikapumua. Sikupumua sana. Siku moja sokoni, muuza mkaa anayeishi karibu na kona ile aliniambia huku akinijazia debe, "Shemeji, mumeo anatupa presha. Siku hizi anaegesha pikipiki halafu anavuka kwa miguu."

Jioni ile sikumngoja hata avue koti.

"Ng'ambo unamfuata nani?"

"Bibi Cherehani," alisema. Huyo ni mshonaji wa zamani, mguu wake mmoja umekufa ganzi, na mwanawe humtumia dawa kwa posta. Nyumba yake iko ng'ambo. Sanduku lake lilikuwa mlangoni kwake mpaka mimi nilipokwenda kwa mkuu wa posta.

"Atume mtu."

"Amtume nani? Anaishi peke yake."

"Basi avuke mwenyewe. Wewe una watoto."

Honi hakupandisha sauti. "Kesho twende wote, ukamwambie hivyo hivyo."

Nilikwenda. Nilipanda nyuma ya pikipiki asubuhi na maneno yangu nimeyapanga vizuri, maana hasira yangu haikuwa ya mchezo. Tulipofika konani, Bibi Cherehani alikuwa ameshasimama ng'ambo na fimbo yake. Alikuwa ameona aibu kuhudumiwa, akaamua siku hiyo aje mwenyewe. Mguu mzima ulikuwa tayari kwenye lami, ule mbovu anauvuta. Lori likapita, upepo wake ukamrudisha nyuma, na mara akaanza tena.

"Bibi, baki hapo hapo!" Honi akapiga kelele, akaanza kushuka.

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Nilimpokonya kile kifurushi cha dawa nikakimbia. Nikafika, nikamshika Bibi mkono, nikamrudisha mpaka ukingoni kwenye majani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mke wa Honi? Amechoka leo, amekutuma wewe?"

Yale maneno niliyoyapanga sikuyaona tena. Nilimwachia dawa nikageuka kurudi. Nilisikiliza, nikaona kimya, nikaingia barabarani. Nilikuwa katikati lori lilipochomoza konani likipiga honi yake kubwa. Nilikimbia kama msichana. Khanga yangu ilibaki barabarani, lori likaikanyaga likaenda zake.

Nilimkuta mume wangu ameketi chini kando ya pikipiki, midomo imekauka. Barua zilikuwa zimemwagika miguuni pake, hakuziokota. Mtu huyu aliyecheka mtulinga wake mwenyewe alishindwa hata kufunga begi.

"Usirudie," alisema. "Nakuomba. Usirudie tena."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilitaka kumwambia hivyo, nikashindwa, kwa sababu nilimwonea huruma.

"Ndivyo unavyosikia kila siku?" aliniuliza baadaye.

"Kila siku."

Hakuacha kuvuka, na mimi sikumwomba tena aache, kwa kuwa nimemwona Bibi Cherehani akiingia kwenye lami ile. Kabati bado halijaletwa. Likija, sijui nani atambeba bibi yule mpaka kituo cha mafuta. Ila mume wangu, ambaye hakuwa mtu wa kupiga simu akiwa kazini, sasa hunipigia akiwa konani. Hasalimii. Husema neno moja, "Nimevuka."

"Haya," namjibu. "Sasa nasubiri ya kurudi."